Wafilisti walitoka wapi, na nchi yao ilikuwa ipi hasa?

*"Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la vijana kanisani kwetu kila Jumapili mchana. Tunasoma Samweli wa Kwanza, tumefika kwa Daudi na Goliathi. Kijana mmoja aliniuliza Wafilisti walitoka wapi, nikamjibu walikuwa Wakanaani kama wengine. Akanifungulia Amosi 9:7, panaposema walitoka Kaftori. Mwenzake akaleta Mwanzo 10:14, ambapo wanahesabiwa katika uzao wa Misri mwana wa Hamu, akasema basi ni Waafrika. Wa tatu ana video kwenye simu inayodai kwamba Wafilisti ndio Wapalestina wa leo. Tena Mwanzo 21 na 26 zinawataja zama za Ibrahimu na Isaka, na mimi nimesoma mahali kwamba walifika baadaye sana. Nimewaahidi jibu. Walitoka wapi, walifika lini, na nchi yao ilianzia wapi ikaishia wapi?"*

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Una darasa zuri. Vijana wanaofungua andiko jingine kumpima mwalimu wao wanasoma kweli, usiwakatize.

Wasiwasi wako, nikiuelewa sawa, ni kwamba una majibu manne yanayopigana na unatakiwa uchague moja. Hayapigani kama unavyodhani. Sehemu muhimu ya watu waliokuja kuitwa Wafilisti ilivuka bahari kutoka upande wa Krete, Ugiriki na visiwa vya jirani, ikafika ufuo wa kusini wa Kanaani katika karne ya 12 KK. Hawakukuta pori. Walikuta miji ya Wakanaani yenye watu, wakakaa nao na kuoana nao, na baada ya vizazi kadhaa usingeweza tena kumtenga mgeni na mwenyeji. Kwa hiyo kijana wako wa Amosi yuko sahihi kuhusu walikotoka, na wewe hukukosea sana kuhusu walivyokuja kuwa.

Tunayajuaje haya? Ushahidi wa kwanza uko Misri. Kwenye hekalu la Farao Ramses wa Tatu pale Medinet Habu, ng'ambo ya Nile mkabala na Luxor, ukuta mzima umechorwa vita vya mwaka wa 8 wa utawala wake, yaani karibu mwaka 1175 KK. Maadui wameorodheshwa kwa majina, na mojawapo ni Peleset, ambao karibu wataalamu wote wanawatambua kuwa Wafilisti. Wamechorwa wamevaa kofia zenye kitu kama manyoya au nywele zilizosimama wima. Upande mmoja kuna vita vya merikebu zenye vichwa vya ndege mbele na nyuma. Upande mwingine kuna magari ya kukokotwa na ng'ombe, na ndani yake wamo wanawake na watoto. Hayo magari ya ng'ombe ndiyo yaliyowafanya wengi waseme kwamba hili halikuwa jeshi tu, ni watu waliokuwa wanahama na familia zao.

Ramses anajisifu kwamba aliwashinda wote, na hati moja ndefu ya papirasi iliyoandikwa baada ya kifo chake inasema aliwaweka mateka katika ngome zake. Zamani vitabu vingi vilifuata maneno hayo moja kwa moja: Farao aliwashinda Wafilisti kisha akawapa Gaza na Ashkeloni wamlindie mpaka. Mimi siyaamini kwa kiasi hicho. Farao hajengi ukuta wa hekalu ili aandike kwamba wageni walimshinda nguvu. Tunachoona ardhini ni kwamba mamlaka ya Misri katika Kanaani yalikwisha kabisa ndani ya miongo michache iliyofuata, na Wafilisti wakabaki. Isitoshe, ukuta ule unafanya ionekane kama walikuja siku moja katika wimbi moja. Uchimbaji wa miaka ya karibuni unaonyesha kuingia kidogo kidogo kwa muda mrefu, makundi mchanganyiko, wengine wakipitia Kupro na pwani ya Uturuki ya leo, na huenda baadhi yao walikuwa maharamia kabla hawajawa wakulima.

Sasa nikupeleke jikoni, kwa sababu huko ndiko hoja ilikoshinda.

Mtu akikuta sahani za Kigiriki katika mji wa Kanaani, hajathibitisha kwamba Wagiriki waliishi pale. Sahani nzuri hununuliwa. Wakanaani walikuwa wakinunua vyombo vya Ugiriki kwa karne nyingi kabla ya Wafilisti. Lakini katika karne ya 12 KK, pale Ashkeloni, Ashdodi na Ekroni, vyombo vya mtindo ule wa Kigiriki vinaanza kutengenezwa kwa udongo wa palepale. Mfinyanzi mwenyewe ndiye aliyehama. Baadaye mtindo huo unachanganyika na wa wenyeji na kuzaa vile vyombo maarufu vya Kifilisti vya rangi mbili, nyekundu na nyeusi, vyenye mizunguko na ndege anayegeuza shingo kutazama nyuma.

Bado mtu anaweza kusema kwamba fundi mmoja au wawili walihama na soko likapenda kazi yao. Ndipo wachimbaji wanapogeukia vitu ambavyo havina soko. Chungu cha kupikia cha Mkanaani kilikuwa kipana, mdomo wazi. Katika nyumba za Wafilisti wa mwanzo kinatokea kitu kingine: jagi la kupikia lenye mshikio, ambalo huwekwa pembeni mwa moto badala ya juu yake. Meko nayo imejengwa katikati ya chumba kikubwa, kama ilivyokuwa desturi ya Aegea, yaani eneo la bahari iliyo kati ya Ugiriki na Uturuki ya leo. Kwenye mitambo ya kufumia, Mkanaani alivutia nyuzi chini kwa vizito vya udongo vilivyotobolewa tundu. Wafilisti walitumia vizito visivyochomwa moto wala kutobolewa, vilivyoviringishwa tu kwa mkono na kubonyezwa katikati, na pale Ashkeloni vimekutwa vimelala kwa safu sakafuni, mahali mtambo uliposimama. Hakuna mfanyabiashara anayesafirisha madonge ya udongo mbichi baharini. Kitu hicho husafiri ndani ya mikono ya mwanamke aliyefundishwa kufuma na mama yake. Ndiyo maana nasema walihama na familia, na ningelisema hata kama ukuta wa Ramses usingekuwapo.

Chakula nacho kinasema. Katika miji yao mikubwa mifupa ya nguruwe ni mingi, wakati kwenye vijiji vya milimani vya Waisraeli karibu haipo. Mwaka 2013 watafiti waliopima vinasaba vya mifupa ya nguruwe wa kale kutoka nchi ile walikuta kwamba kuanzia Enzi ya Chuma nguruwe wenye asili ya Ulaya wameingia. Lakini usiwaambie vijana kwamba "palipo na mfupa wa nguruwe pana Mfilisti", maana vijiji vidogo vya Wafilisti vilikula nguruwe kwa uchache. Na kuna jambo ambalo mimi hulipenda zaidi: mabaki ya mimea. Katika maeneo ya Wafilisti kunaonekana kwa mara ya kwanza katika nchi ile bizari nyembamba, ile ile ya pilau, pamoja na mkuyu ulioletwa kutoka bonde la Nile. Zakayo alipopanda mkuyu, alipanda mti ambao huenda Wafilisti ndio waliouzoesha nchi hiyo. Vijana wako wanaujua mti wenyewe, ni huu huu unaoota kwenye mito yetu.

Ushahidi uliotoa habari kubwa magazetini ulikuja mwaka 2019. Timu iliyohusisha taasisi ya Max Planck ya Jena, Ujerumani, ilifanikiwa kusoma vinasaba vya watu 10 wa kale kutoka Ashkeloni: waliokufa kabla Wafilisti hawajafika, waliokufa mwanzoni mwa zama zao, na waliozikwa karne kadhaa baadaye. Wale wa kundi la katikati walikuwa watoto wachanga wanne waliozikwa chini ya sakafu za nyumba. Ndani ya watoto hao kulikuwa na sehemu ya asili ya kusini mwa Ulaya ambayo haikuwamo kwa watu wa kabla yao. Watoto wachanga hawakusafiri, walizaliwa pale. Basi wazazi au mababu zao ndio waliosafiri. Katika kundi la tatu asili hiyo haionekani tena kwa kiwango cha kupimika: imeyeyuka katika wenyeji kwa kuoana.

Hapo uwe mwangalifu kwa mambo mawili. Watu 10 ni wachache, na wote ni wa mji mmoja kati ya miji mitano mikuu ya Wafilisti. Pia vinasaba havikutaja kisiwa. Krete ilifaa vizuri katika hesabu zao, lakini sehemu nyingine za kusini mwa Ulaya hazikuondolewa. Ukisikia mtu anasema "DNA imethibitisha Wafilisti ni Wakrete", amekwenda mbele ya watafiti wenyewe.

Turudi sasa kwenye maandiko ya darasa lako. Kaftori ya Amosi inatajwa pia katika Kumbukumbu la Torati 2:23 na Yeremia 47:4, na wengi wetu tunaiona kuwa Krete au eneo lake. Wamisri waliita nchi hiyo Keftiu, na makaburini Thebes, mji wa kale ulipo Luxor leo, waliwachora watu wake wakileta vyombo vya mtindo wa Krete. Tena Ezekieli 25:16 na Sefania 2:5 zinawataja Wakerethi, jina linalosikika kama Krete, bega kwa bega na Wafilisti. Mapokeo haya ya Biblia na vyungu vya Ashkeloni vinakubaliana kwa namna ambayo si kawaida katika kazi yetu. Mwambie kijana wa Amosi nampongeza.

Mwanzo 10 ni orodha ya namna nyingine. Inapanga mataifa kama ukoo, lakini inachanganya damu, ujirani na utawala. Ndiyo maana Kanaani yumo kwa Hamu ingawa lugha ya Wakanaani ilikuwa ndugu wa karibu kabisa wa Kiebrania. Pwani ya Wafilisti ilikuwa chini ya Misri kwa karne kadhaa, na Gaza ndiyo ilikuwa makao ya wakuu wa Farao katika Kanaani, kwa hiyo kuwaweka upande wa Misri kunaeleweka. Angalia pia kwamba katika mstari huohuo Wakaftori wametajwa papo hapo. Wafasiri wengi huona maneno "walikotoka Wafilisti" yalikusudiwa yafuate jina hilo. Kwa vyovyote vile, mstari huo hautoshi kuwafanya Waafrika, na hakuna kitu kilichochimbwa kinachoelekea huko.

Mwanzo 21 na 26 ndizo ngumu zaidi, nami nitakupa njia zote mbili. Wapo wanaosema palikuwa na kundi la awali la watu wa Aegea kule Gerari zama za mababu. Linawezekana kufikirika, ila mchanga haujalitolea ushahidi. Njia ya pili, ambayo mimi naishika, ni kwamba mwandishi aliita nchi kwa jina ambalo wasomaji wake walilijua. Sisi husema bila kusita kwamba Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, Tanzania, mwaka 1871, na hakuna anayetuita waongo ingawa Tanzania ilipata jina hilo mwaka 1964. Soma sura zile tena na utaona Abimeleki ana jina la Kisemiti, ni mfalme peke yake, anafanya mapatano ya visima kwa amani. Hana wakuu watano na hana mungu Dagoni. Si Wafilisti wa Samsoni.

Kuhusu nchi yao, fungua ramani zilizo nyuma ya Biblia yako. Tafuta miji mitano ya Yoshua 13:3: Gaza, Ashdodi, Ashkeloni, Gathi na Ekroni. Ashkeloni iko ufukweni kabisa, Gaza na Ashdodi nyuma kidogo ya ufuo, Gathi na Ekroni ndani kuelekea vilima. Kusini nchi inaishia kwenye makorongo yaliyo chini ya Gaza, kabla ya jangwa. Kaskazini, kwa upana wake mkubwa, inafika mto Yarkoni ulipo mji wa Tel Aviv leo, kama kilomita 70 kutoka Gaza. Magharibi bahari. Mashariki ndiko kulikokuwa na ugomvi.

Mashariki ya uwanda kuna vilima vya chini, kisha milima ya Yuda. Mabonde kadhaa yanakata vilima hivyo, na kila bonde ni mlango. Bonde la Soreki linashuka kutoka milimani, linapita Beth-shemeshi na Timna, linatokea karibu na Ekroni. Humo ndimo Samsoni alimokuwa akipanda na kushuka, na humo ndimo wale ng'ombe wawili walimokokota sanduku la agano kutoka Ekroni wakaingia Beth-shemeshi. Bonde la Ela liko kusini yake, na mdomo wake uko Gathi. Ndiyo maana Goliathi wa Gathi anasimama pale kati ya Soko na Azeka: Wafilisti walikuwa wanapanda kupitia mlango wa mji wake mwenyewe. Waonyeshe vijana hilo kwenye ramani kabla hujasoma nao 1 Samweli 17, na sura itasomeka vingine.

Mpaka huo ulisogea mno. Wakati wa Sauli Wafilisti wana kambi Mikmashi, katikati ya milima, na mwili wake wanautundika Beth-shani, mbali kaskazini karibu na Yordani. Hilo halifanyi Beth-shani kuwa nchi ya Wafilisti. Kufika na vita ni jambo moja, kukaa na kulima ni jingine, na ramani zinazopaka rangi moja eneo lote hudanganya.

Gathi, ambayo ni kilima kiitwacho leo Tell es-Safi, ilichimbwa kuanzia mwaka 1996 na timu ya Aren Maeir wa Chuo Kikuu cha Bar-Ilan. Ulikuwa mji mkubwa, hekta 40 hadi 50. Hazaeli mfalme wa Shamu aliuzingira mwishoni mwa karne ya 9 KK, kama 2 Wafalme 12:17 inavyogusia, na handaki aliloamuru likatwe kwenye mwamba kuuzunguka, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, bado lipo. Mji haukuinuka tena kama zamani. Soma Amosi 1:6-8: anaihukumu Gaza, Ashdodi, Ashkeloni na Ekroni. Gathi haumo, na katika 6:2 anautaja kama mfano wa mji uliokwisha. Mwaka 2005 palipatikana pale kigae cha chungu kilichoandikwa majina mawili yasiyo ya Kisemiti, ya namna inayokaribiana na jina Goliathi. Magazeti yakaandika kwamba Goliathi amepatikana. Hakupatikana yeye, ila tunajua sasa kwamba majina ya aina hiyo yalitumika Gathi.

Ekroni imetupa kitu bora zaidi. Mwaka 1996 wachimbaji wakiongozwa na Trude Dothan na Seymour Gitin walifukua jiwe la hekalu lenye mistari mitano. Linasema nyumba hiyo ilijengwa na Akishi mwana wa Padi, mtawala wa Ekroni, kwa ajili ya bibi yake, mungu mke. Padi ni yule yule ambaye Senakeribu wa Ashuru anasema alikuwa amefungwa Yerusalemu kwa Hezekia, naye akamrudisha kwenye kiti chake mwaka 701 KK. Sasa tazama: mtawala ana jina lile lile la Akishi mfalme wa Gathi aliyempokea Daudi, jina lisilo la Kisemiti, lakini anaandika kwa lugha na herufi ambazo jirani yake wa Yuda angezisoma bila mkalimani. Hapo unawaona Wafilisti walivyokuwa baada ya miaka 500: wamekuwa watu wa nchi ile kwa lugha, na bado wanakumbuka majina ya kale.

Nebukadreza aliiteketeza Ashkeloni mwishoni mwa mwaka 604 KK, na Ekroni ikaanguka wakati huohuo. Wafilisti walihamishiwa Babeli. Orodha za posho za huko zinawataja wana wa mfalme wa Ashkeloni, na baadaye kulikuwa na vijiji karibu na Nipuri vilivyoitwa kwa majina ya Gaza na Ashkeloni. Baada ya hapo hatuwasikii tena kama taifa.

Hilo linanileta kwenye ile video. Jina Palestina kweli linatokana na Wafilisti. Mwanahistoria Mgiriki Herodoto alilitumia kwa eneo lile katika karne ya 5 KK, na Kaisari Hadriano akalifanya jina rasmi la jimbo baada ya kuzima uasi wa Wayahudi wa mwaka 132 hadi 135 BK. Lakini jina la nchi hubaki watu wakibadilika. Wapalestina wa leo ni watu wa Kiarabu wenye mababu wengi katika nchi ile, wa mlimani na wa pwani, wa dini zaidi ya moja. Hakuna msingi wa kihistoria wa kuwaita Wafilisti, wala wa kusoma Daudi na Goliathi kama habari za vita vya Gaza vya juzi. Nakusihi uliseme hilo darasani waziwazi, kwa sababu video za namna hiyo huwa hazitafuti historia, zinatafuta adui.

Kama mjadala utawaka kwa jambo hili la mwisho, usiubebe peke yako kwenye kundi la WhatsApp. Mwalike mchungaji wako akae nanyi ana kwa ana. Kuhusu Mwanzo 10 na 21, mtafute mhadhiri wa Agano la Kale katika chuo cha theolojia kilicho karibu, hasa anayesoma Kiebrania, umwombe saa moja tu. Mpangilio wa maneno katika 10:14 unaelezeka vizuri zaidi mtu akikuwekea kidole kwenye mstari kuliko mimi kukuandikia. Na kama kuna kijana anayetaka kuandika insha ya chuo kuhusu haya, aanze na ripoti za uchimbaji za Ashkeloni na Ekroni maktabani, video baadaye.

Kwa Jumapili ijayo ningeanza na ramani na Bonde la Ela, kisha Amosi 9:7. Mstari huo una Wakushi ndani yake pia, kwa hiyo yule kijana aliyeitafuta Afrika ataipata hapo.